PubMed: huduma iliyoanzia mikononi mwa daktari wa jeshi

Naandika tasnifu ya udaktari wa watoto, na PubMed, tovuti ya kutafutia makala za utafiti wa tiba, haifungwi kwenye kompyuta yangu kuanzia asubuhi. Naipa nyota tano, na shukrani zangu nyingi zinamwendea daktari wa jeshi la Marekani, John Shaw Billings.

Billings alihitimu udaktari mwaka 1860. Tasnifu yake ilihusu kutibu kifafa kwa upasuaji, na ilimtaabisha: alipekua vitabu na majarida akitafuta nani alishafanya upasuaji huo, na wagonjwa waliishia wapi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikamfanya daktari wa upasuaji upande wa Muungano, yaani majimbo ya kaskazini. Alihudumia majeruhi hata kwenye mapigano ya Gettysburg, 1863. Vita vilipokwisha alikabidhiwa maktaba ndogo ya ofisi ya Mganga Mkuu wa Jeshi. Hospitali za kijeshi zilipofungwa kulibaki kama dola 80,000, naye akazitumia kuikuza maktaba hiyo. Hapo ndipo ninapompendea.

Mwaka 1879, yeye na msaidizi wake Robert Fletcher walianzisha Index Medicus, orodha ya kila mwezi ya maandishi mapya ya tiba. Jioni Billings alibeba majarida nyumbani, akatia alama makala za kuorodheshwa, na makarani wakazinakili kwenye kadi. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na hospitali ya Johns Hopkins, iliyofunguliwa 1889, ilijengwa kwa mpango wake. Kwangu mimi, zile kadi zinazidi yote hayo.

Maktaba yake ndiyo leo Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, yenye PubMed, ambayo tangu 1997 ni bure kwa kila mtu. Tafuta humo mada yake ileile, upasuaji wa kifafa, na maelfu ya makala zinashuka papo hapo. Ninachokipenda kuliko vyote ni namna inavyoelewa majina: andika mshtuko wa moyo kwa Kiingereza cha kawaida, itakuletea pia makala zilizotumia jina la kitaalamu. Kutafuta hakudai kujisajili, wala hakuna matangazo.

Ila ujue unachofungua. Muhtasari utausoma hapo, lakini makala kamili mara nyingi iko kwa mchapishaji, na inauzwa. Bonyeza kichujio cha makala kamili za bure, kiko pembeni kushoto. Tena, kuwemo kwenye orodha si cheti cha ubora. Utafiti wa wagonjwa wachache unakaa safu moja na ule wa maelfu, kwa hiyo soma sehemu ya mbinu kabla ya kunukuu.

Ukishapata maneno yanayokuletea unachotaka, fungua akaunti ya bure uyahifadhi. Makala mpya za mada yako zitakuwa zinakuja zenyewe kwa barua pepe.