Nimerudi darasani na miaka 41: pesa za kusomea uuguzi England

Nilifanya kazi ya kea, yaani kuhudumia wasiojiweza, kwenye nyumba ya wazee miaka tisa kabla ya kuthubutu kuuliza: mama wa watoto wawili akitaka kusoma, nani atamsomesha? Mwenzangu wa zamu ya usiku alinihakikishia kwamba umri umenipita. Si kweli. Mkopo wa ada hapa England hauna ukomo wa umri, na ule wa kujikimu unatolewa kikamilifu kwa aliye chini ya miaka 60 kozi inapoanza. Kinachobana ni kibali cha kuishi. Wenye viza ya kazi ya kea hawapati. Mimi nilikuwa tayari na ukaaji wa kudumu.

Sikuwa na vyeti vya kuingilia chuo, kwa hiyo nilianza na mwaka mmoja wa Access to Higher Education, kozi ya kumwandaa mtu kuingia chuo kikuu, nao kwa mkopo. Ukishamaliza digrii, deni la mwaka huo linafutwa. Septemba 2023 nikaanza uuguzi.

Ada, paundi 9,250 kwa mwaka wakati ule, Student Finance England, chombo cha serikali cha mikopo ya wanafunzi, huilipa moja kwa moja chuoni, hata huioni. Ya kujikimu ndiyo unayoishika. Ukishatimiza miaka 25 hawaulizi kipato cha wazazi (baba yangu yuko Pemba na mikarafuu yake, ningeanzia wapi?) ila cha mume. Saa tano usiku tukasukuma sahani pembeni, tukakaa na P60 yake (karatasi ya mshahara na kodi ya mwaka) mezani, naye kila dakika ananiuliza kwa nini wautake mshahara wake ilhali anayesoma ni mimi. Kipato cha nyumba kikivuka paundi 25,000, mkopo unaanza kupungua. Wetu ulipungua.

Kilichotubeba ni zile zisizorudishwa, na ndizo watu wetu hawaambiani. NHS Learning Support Fund, mfuko wa huduma ya afya ya taifa, inampa mwanafunzi wa uuguzi paundi 5,000 kwa mwaka, na 2,000 juu yake akiwa na mtoto wa chini ya miaka 15. Zina ombi lake, mbali na lile la mkopo, na unaomba upya kila mwaka. Nauli ya kwenda mafunzoni hospitali nayo hurudishwa, ila kile tu kinachozidi nauli yako ya kawaida ya chuoni, tunza risiti. Kwa nasari kuna Childcare Grant, ruzuku ya malezi ya watoto, hadi asilimia 85 ya gharama kwa kutegemea kipato. Huwezi kuichanganya na msaada wa malezi wa Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, basi piga hesabu kabla ya kuchagua.

Mwenye digrii ya nyumbani asikate tamaa pia. Mkopo wa digrii ya pili kwa kawaida hautolewi, lakini uuguzi ni miongoni mwa kozi zinazoruhusiwa.

Riba ilinikosesha usingizi. Sheria ya 2017 iliruhusu mpango wa kusomeshwa usio na riba, lakini nilipoomba mimi ulikuwa bado haujaanza. Hapo kila mtu amuulize sheikhe anayemwamini. Marejesho yenyewe hayatishi: asilimia 9 ya kile kinachozidi paundi 25,000. Ukilipwa 28,000 ni kama paundi 22 na nusu kwa mwezi. Kinachobaki kinafutwa baada ya miaka 40, nami nitakuwa na 85 hivi.

Ugumu ni kwamba pesa za kujikimu huja mara tatu kwa mwaka, wakati kodi ya nyumba huja kila mwezi. Mwaka wa kwanza nilichelewa kutuma ombi, kosa langu mwenyewe, nikaanza masomo kwa nauli ya kukopa kwa dada. Na kutoka mgawo wa Aprili hadi Septemba ni mbali mno. Sasa niko mwaka wa mwisho, na wenzangu wa upatu wanajua: zamu yangu ni Julai, asiiguse mtu.