Kipimo cha jeni ya mwendo wa farasi (DMRT3), nimekifanya, haya ndo maoni yangu

Wenzangu mnaofuga farasi wa Iceland huku Sweden, hiki kipimo mi nimekifanya juzijuzi na nasema hela yangu haikupotea. Nina farasi jike wa miaka tisa, tölt yake, ule mwendo laini wa farasi wa Iceland, tamu mno, miguu inagusa chini mmoja mmoja na mgongo umetulia tuli, mi mtoto wa Lamu niliyekulia juu ya punda nikimpanda huyu nakumbuka punda mzuri akienda telki. Ila skeið, ile mbio ambayo miguu miwili ya upande mmoja inakwenda pamoja, hataki kabisa. Mwaka mzima nimemsukuma, mara naambiwa mvivu, mara naambiwa mi ndo sijui kupanda.

Kupima ni rahisi, unang'oa nywele za shingoni kama 30 hivi, ung'oe usikate maana DNA wanaitoa kwenye mizizi, tia kwenye bahasha tuma. Baada ya wiki mbili na nusu yakaja majibu, herufi mbili tu: CA. Basi. Hakuna hata mstari mmoja wa maelezo na hapo maabara waliniudhi kweli, mtu kalipa halafu anaachwa akatafute mwenyewe.

Nikatafuta. Kumbe timu ya mtaalamu wa jeni Leif Andersson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, hapahapa Sweden, ndo waliligundua hili 2012. Ile C ni jeni ya kawaida, na ile A ni badiliko dogo kwenye jeni, linakatisha protini kabla haijaisha, na hiyo protini kazi yake iko kwenye neva za uti wa mgongo zinazopanga mguu upi ufuate upi. Farasi wa Iceland mwenye A mbili ndo kwa kawaida anaweza skeið, mwenye moja kama wangu tölt anayo ila skeið mara nyingi hana. Na hata AA si wote wanaiweza, mazoezi na umbo navyo vimo.

Kwa hiyo mnyama wa watu hakuwa mvivu! Iliniuma jamani, nikikumbuka nilivyokuwa namkaza. Sasa tunakwenda tölt yetu msituni na masikio kayasimamisha mbele, raha tupu.

Niliuliza kama wanapima punda, wakasema kwao farasi tu, nikasikitika.

Nyota nne, ya tano watapata wakiongeza ukurasa wa maelezo. Na wewe unayetaka kununua mtoto wa farasi kwa mashindano ya skeið, pima kabla hujalipa.