Koleo la Kubania Mshipi wa Sulisuli: Linunue au Uliache?

Waungwana, karibuni. Niko hapa Malindi, ufukoni, na hili mkononi ni koleo la kubania vibomba vya mshipi. Kaskazi imeshaingia, sulisuli wako nje, na swali lenu limekuwa moja: ya nini kununua koleo maalum na plaizi ipo nyumbani? Sogeeni muone.

Nailoni nene ya milimita 2 ukiifunga fundo, halikazi. Ndiyo maana tunaipitisha kwenye kibomba cha alumini, inazunguka jicho la ndoana, inarudi kwenye tundu la pili la kibomba hicho hicho, halafu tunabana. Kibomba hiki cha kushoto kimebanwa kwa plaizi. Meno yamekilaza bapa, na ukingo umeitafuna nailoni. Ukipitisha ukucha hapa unausikia mkwaruzo. Sulisuli akiruka na kutikisa kichwa, mshipi utakatikia papo hapo.

Cha kulia ni kazi ya koleo hili. Taya zake zina vishimo viwili vinavyotazamana, basi kibomba kinabanwa sawasawa juu na chini. Na angalieni ncha zake: hazikuguswa. Nimeacha kama milimita 1 kila upande, mdomo ukabaki wazi mithili ya tarumbeta, nailoni inatoka bila kusugua ukingo. Jamani, hapa ndipo samaki wengi wanapopotea! Watu hubana mpaka mwisho wakidhani ndio uimara.

Kibomba nacho kilingane na unene wa mshipi. Tundu likipwaya, hata koleo la bei gani halisaidii. Na kama unatumia waya wa chuma cha pua, chukua vibomba vya shaba, maana alumini ikikutana na chuma hicho kwenye maji ya chumvi huliwa upesi.

Mikono mirefu ya koleo hili naipenda sana, unabana bila kujikamua hata chombo kikiyumba. Bawaba sijaridhika nayo, inashika kutu mapema. Lioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila ukirudi, ulipake mafuta.

Kwa changu na tewa wa mwambani, fundo latosha, weka pesa zako. Kwa sulisuli, nduaro na jodari wakubwa, linunue. Na kabla hujaenda baharini, ingiza ndoana kwenye msumari imara, uvute taratibu kwa uzito wa mwili. Mshipi ukiteleza hata kidogo, kata, bana upya.