Uzoefu wangu: kusoma Afya na Huduma za Jamii koleji kabla ya kwenda chuo kikuu, Uingereza

Nilisoma kozi ya Afya na Huduma za Jamii ya ngazi ya tatu, ambayo hapa Uingereza wengi huiita BTEC tu, jina la kundi la kozi za ufundi na taaluma, kwa miaka miwili nikiwa koleji, na sasa niko mwaka wa pili wa shahada ya uuguzi. Tathmini yangu ni kwamba kozi hii inamfaa sana mtu anayejua anakoelekea, lakini inaweza kumfungia njia yule anayeichagua kwa sababu tu ameambiwa ni nyepesi. Nalisema hili mapema kwa kuwa katika familia za Waswahili ninazozifahamu huku, wazazi huidharau wakiiona ni kozi ya walioshindwa A-level, yaani masomo ya kawaida ya kuingilia chuo kikuu, ilhali vijana huikimbilia wakidhani haina mitihani. Pande zote mbili hazijaisoma mihtasari yake.

Diploma yake kamili huhesabiwa kuwa sawa na A-level tatu. Matokeo ya jumla hutolewa kwa herufi tatu, kila moja ikiwa P (kufaulu), M (vizuri) au D (vizuri sana), na juu ya D ipo D yenye nyota. Katika mfumo wa pointi za UCAS, shirika linalopokea maombi ya kuingia vyuo vikuu, unaotumika tangu udahili wa 2017, D tatu zenye nyota ni pointi 168, sawasawa na A tatu zenye nyota za A-level, na DMM ni pointi 112, sawa na B mbili na C moja. Vyuo vikuu vingi vya uuguzi huomba matokeo yanayokaribia hayo ya pili, pamoja na GCSE (mitihani ya sekondari ya umri wa miaka 16) za Kiingereza na hisabati kwa daraja la 4 au zaidi, 9 likiwa la juu kabisa, na baadhi huongeza sayansi. Kwa hiyo aliyeingia koleji bila kufaulu hisabati ya GCSE analazimika kuirudia sambamba na kozi, na nimewaona wenzangu waliopata herufi nzuri kabisa za diploma wakikwamishwa na hisabati hiyo peke yake.

Kuhusu mitihani, katika muundo nilioufuata mimi, ulioanza 2016, sehemu nne kati ya kumi na tatu za diploma kamili husahihishwa nje ya koleji: makuzi ya binadamu, kazi katika sekta ya afya na huduma, anatomia na fiziolojia, na uchambuzi wa utafiti. Somo la makuzi ndilo lililonivutia zaidi, kwani humfuata mtu tangu utotoni hadi uzeeni katika hatua sita, na kila hatua hutazamwa kimwili, kiakili, kihisia na kijamii. Hapo ndipo nilipokutana na Piaget, aliyechunguza jinsi fikra za mtoto zinavyokua, Bowlby, aliyeeleza uhusiano wa mtoto na mlezi wake, na kipimo cha Holmes na Rahe cha 1967, kinachoorodhesha matukio 43 ya maisha kama vile kufiwa, kuachana na kuhama nyumba, na kukadiria jinsi kila moja linavyomlemea mtu. Mtihani hauulizi nadharia zikiwa peke yake. Hukupa familia yenye watu wa umri tofauti na shida zao, kisha hukutaka uzitumie nadharia hizo kueleza kinachowapata. Mwanafunzi aliyezoea kukariri hupata taabu kubwa hapo, na walimu wetu walichelewa kutuambia hivyo.

Sehemu nyingine nyingi hupimwa kwa kazi za kuandika zinazosahihishwa na walimu wenyewe, na hapa ndipo penye uzito ambao wengi hawauoni kutoka nje. Huwezi kupewa D katika kazi kwa kuandika jambo moja kwa ufasaha mkubwa. Ni lazima utimize vigezo vyote vya P na M vilivyo chini yake, kimoja baada ya kingine, na kigezo kimoja kikikosekana daraja zima hushuka. Nafasi ya kurekebisha na kuwasilisha upya hutolewa mara moja tu, tena kwa idhini, ndani ya siku 15 za kazi tangu upewe matokeo. Kwa miaka miwili nilikuwa nikiandika karibu kila wiki, nikitaja vyanzo na kujenga hoja kwa ushahidi, na nilipofika chuo kikuu insha ya maneno elfu mbili haikunitisha hata kidogo, wakati wenzangu kadhaa waliotoka A-level za sayansi walikuwa wanajifunza upya namna ya kupanga aya.

Sheria zilichukua nafasi kubwa kuliko nilivyotarajia. Tulisoma Sheria ya Usawa ya 2010 na sifa zake tisa zinazolindwa dhidi ya ubaguzi, kama umri na ulemavu, Sheria ya Huduma ya 2014, na Sheria ya Uwezo wa Kuamua ya 2005. Tulisoma pia kwa nini sheria na kanuni huandikwa: jinsi kifo cha mtoto Victoria Climbié, aliyeteswa na walezi wake, mwaka 2000 kilivyoleta uchunguzi wa Lord Laming na baadaye Sheria ya Watoto ya 2004, na jinsi ripoti ya Francis ya 2013 kuhusu hospitali ya Stafford ilivyoanika mateso ya wagonjwa waliopuuzwa. Mimi nilikuwa nikidhani usalama wa mgonjwa ni suala la moyo mwema wa mhudumu. Baada ya visa hivyo nilianza kuuliza nani aliona, nani alipaswa kuripoti, na ripoti iliishia wapi.

Yote hayo yangebaki ya darasani kama si mafunzo ya kazini, ambayo ni sehemu ya kozi na huhitaji angalau saa 100. Niliyafanya katika makao ya wazee, na wakazi wengi pale walikuwa na ugonjwa wa kusahau. Mwanafunzi hapewi kazi kubwa: unasaidia wakati wa chakula, unakaa na mtu kuzungumza, unatazama wahudumu wanavyomgeuza mkazi kitandani bila kumuumiza wala kuumia mgongo, na jioni unaandika katika shajara ya mafunzo ulichokiona na ulichokifikiri. Lakini palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akikataa kuoga asubuhi, na mhudumu niliyekuwa chini yake hakumlazimisha wala hakumwacha. Alimpa nafasi, akarudi baadaye, akamuuliza kwa maneno mafupi zaidi, akamwonyesha taulo, na akaandika katika mpango wake wa huduma kwamba mchana ndio wakati anaoupenda. Sheria ile ya 2005 inasema mtu achukuliwe kuwa ana uwezo wa kuamua mpaka ithibitike vinginevyo, asaidiwe kwa kila njia kuamua mwenyewe kabla ya kuonekana kuwa hawezi, na asihesabiwe kuwa hawezi kwa sababu tu uamuzi wake si wa busara. Nilikuwa nimeyaandika maneno hayo darasani na kupata D. Pale nilimwona mtu akiyafanya bila hata kuyataja, na nadhani ndipo nilipoamua kwamba uuguzi ndiyo kazi yangu.

Ndiyo maana malalamiko yangu makubwa yanahusu jambo hilohilo. Koleji yangu ilituachia wenyewe kutafuta pa kufanyia mafunzo, barua za utambulisho zilichelewa, na ukaguzi wa rekodi za jinai, yaani DBS, ambao ni lazima kabla ya kuwakaribia wazee au watoto, ulianza kushughulikiwa muhula ukiwa umekwisha kwenda mbali. Wenye jamaa wanaofanya kazi katika sekta hii walipata nafasi haraka, na wasio na mtu walihangaika. Kwa kozi ambayo roho yake ni kukaa na watu, uzembe huo haukubaliki.

Upungufu wa pili ni sayansi na hesabu. Anatomia tuliyofundishwa ilitosha kueleza moyo, mapafu na figo zinavyofanya kazi, ila biolojia ya seli na kemia ya mwili tuliipitia juujuu, na mwaka wa kwanza wa chuo kikuu nililazimika kusoma usiku mambo ambayo wenzangu wa A-level ya biolojia waliyajua tayari. Hesabu karibu hazikuwapo kabisa. Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo hutaka mwanafunzi wa uuguzi awe na saa 2,300 za nadharia na nyingine 2,300 za vitendo, hutaka pia kwamba kabla ya kuhitimu awe amepata asilimia 100 katika mtihani wa hesabu za dawa. Mtu anayetokea njia hii aanze kujizoeza kugeuza gramu kuwa miligramu na kukokotoa kasi ya dripu mapema, asisubiri kufundishwa.

Gharama si tatizo kubwa, kwani mwenye haki ya kusoma kwa fedha za serikali akiwa na miaka 16 hadi 18 halipi ada ya koleji, na ipo mifuko ya kusaidia nauli na vifaa kwa wenye kipato kidogo.

Wanaoniuliza kama wachague kozi hii huwa nawauliza wanataka kuwa nani. Kwa uuguzi, ustawi wa jamii, elimu ya watoto wadogo au huduma kwa wenye ulemavu, naipendekeza bila wasiwasi. Kwa udaktari haifai, maana vyuo vya tiba kwa kawaida hutaka A-level za sayansi. Ukunga hutegemea chuo, hivyo masharti yasomwe moja moja kabla ya kujiandikisha koleji. Aliyevuka miaka 19 ana njia ya Access, kozi ya kuwaandaa watu wazima kuingia chuo kikuu, inayomalizika kwa mwaka mmoja, na anayetaka vitendo vingi zaidi aitazame T Level ya afya, kozi nyingine ya ufundi ya ngazi hiyohiyo, iliyoanza 2021, kwani mafunzo yake ya kazini hayapungui saa 315. Mdogo wangu anataka fiziotherapia, na vyuo vingi tulivyovitazama naye vilitaka A-level ya biolojia au ya elimu ya michezo. Amejiandikisha biolojia, saikolojia na michezo, na Jumamosi anajitolea katika makao yaleyale nilikofanyia mafunzo.