Valiamu ya msimu wa korosho: maoni ya mtumiaji

Naanza na nyota kabisa ili asiyependa kusoma marefu asimalize bando bure. Kazi ya dawa yenyewe nyota tano, bei nyota tano, jinsi inavyouzwa huku kwetu Mtwara nyota moja, na hiyo moja ni ya mama mmoja wa famasi nitamtaja huko chini. Nazungumzia diazepamu, ile kila mtu anaiita valiamu hata kama pakiti haijaandikwa hivo, vidonge vya miligramu 5, vidogo, vina mstari katikati wa kuvunjia.

Mimi ni karani kwenye AMCOS moja (chama cha ushirika cha wakulima) upande wa Tandahimba, familia iko Mtwara mjini. Anayeujua msimu wa korosho hahitaji kuelezwa, kuanzia Oktoba mpaka mwaka unaisha ni mizani, magunia, stakabadhi, mnada, wakulima wamejaa barazani wanauliza hela inaingia lini, unajibu benki wanashughulikia, keshokutwa unajibu hivo hivo na sura zimebadilika. Basi msimu mmoja nikaanza kupata kitu sikielewi, nimekaa zangu tu moyo unaanza kwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, kifua kinabana, pumzi haishuki, nina uhakika nakata roho sasa hivi mbele ya mizani. Nikapima malaria hakuna, presha iko sawa, kipimo cha moyo kile cha kubandikwa waya kifuani nacho safi. Mama mkwe akasema nimetupiwa kitu na mtu aliyecheleweshewa hela, na kusema kweli kwa watu waliokuwa wananidai majibu msimu ule, orodha ya washukiwa ingejaza daftari.

Daktari wa afya ya akili (wapo, bana, kuna watu wanadhani lazima ubebwe mpaka hospitali ya Mirembe Dodoma) akasema ni ugonjwa wa wasiwasi, na zile za ghafla ndo wanaziita paniki. Akaandika dawa mbili. Fluoksetini kila asubuhi, hiyo ndo ya kutibu, ila inachukua wiki kadhaa kushika na siku za mwanzo inaweza hata kukuzidishia papara. Valiamu ikawa ya usiku, kidonge kimoja, wiki mbili, ya kunishikilia wakati ile nyingine inajipanga. Na kwenye cheti akaandika tarehe ya kuacha. Wakati ule sikuona maana yake, nikaona ni mbwembwe za kidaktari.

Sasa kuhusu dawa. Jamani inafanya kazi, tusidanganyane. Hizi makala za "dawa za wasiwasi ni sumu" zimeandikwa na watu ambao hawajawahi kulala macho mpaka adhana ya alfajiri wakisikiliza mapigo yao wenyewe. Unameza, haifiki saa moja unasikia mabega yanashuka, taya linaachia, yale mawazo yapo bado ila hayakukimbizi tena. Usiku wa kwanza nililala kama mtu asiye na madeni. Na sio wasiwasi tu, hospitalini hiyo hiyo inatumika kuzima degedege na kumtoa mlevi sugu kwenye arosto ya pombe, yaani mwili unapoidai baada ya kuacha, asije akapata kifafa, iko hata kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Kwa hiyo nyota tano nazitoa bila kinyongo.

Kasoro zake ukiwa unaitumia vizuri ni ndogo ndogo. Asubuhi kichwa kizito, unaitwa mara mbili ndo unageuka, na kuendesha ndo usithubutu, mimi pikipiki niliiacha nikawa napanda bajaji. Wazee ndo wanaumia zaidi manake miguu inakosa nguvu usiku, bibi anaamka kwenda chooni anaanguka, nyonga hiyo. Mwenye mimba amwambie daktari kabla, sio baada.

Tuje kwenye ishu yenyewe. Ubongo una breki zake, kuna kemikali inaitwa GABA kazi yake ni kutuliza, na valiamu inachofanya ni kuongeza nguvu kwenye mguu unaokanyaga breki. Raha. Ila ubongo sio mjinga, ukiona kila siku kuna mtu anakusaidia kukanyaga unalegeza mguu wako, kwa hiyo baada ya wiki kadhaa kidonge kile kile hakikushiki kama zamani, na ukikitoa ghafla unajikuta mteremkoni huna breki yoyote, si yake si yako. Hiyo ndo arosto. Na hapa watu wanachanganya, wanasema mimi sio teja, mimi natumia dawa ya hospitali. Ndugu yangu, mwili hausomi cheti. Unaweza usiwe teja kabisa, hujawahi kuzidisha hata robo, na mwili ukawa umeshaizoea vizuri tu.

Wenzetu walishapita njia hii zamani. Valium ilitoka mwaka 1963, kampuni ya Roche, mkemia wao Leo Sternbach, na ilikuja kama mkombozi kwa sababu dawa za usingizi za kabla yake ukizidisha kidogo unakufa. Ikauzwa Marekani kuliko dawa zote, mwaka 1978 peke yake viliuzwa vidonge zaidi ya bilioni 2. Mpaka watu wanashtuka, kuna mamilioni hawawezi kuacha. Uingereza mwaka 1988 wakawaambia madaktari wao dawa za kundi hili ni za wiki 2 mpaka 4 tu, na kule Newcastle Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya kuwaachisha watu kuanzia 1982 mpaka 1994. Marekani wao mpaka Septemba 2020 ndo FDA, mamlaka yao ya dawa, wakaamuru pakiti zote za kundi hili ziwe na onyo kali la uraibu na arosto. Sasa huku kwetu mtu anakatiwa stripu dukani, hamna boksi, hamna karatasi, hilo onyo atalisomea wapi?

Mama mdogo wangu yuko Masasi. Alifiwa na mume, hakulala, mtu akamletea valiamu msibani, ikamsaidia, na hakuna aliyemwambia mwisho ni lini. Akawa anachukua dukani, cheti hamna, muuzaji anamjua, "shikamoo mama, zile zile?", anafungiwa kwenye kikaratasi. Miaka ikaenda, kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vitatu kwa siku. Hakuwa amelewa wala nini, analima, anapika, anagombana na sisi kama kawaida. Afu duka likaishiwa, akakaa bila. Na ubaya wa valiamu inatoka mwilini polepole sana, kwa hiyo siku za kwanza hakuona kitu, akasema kumbe naweza kuacha tu. Wiki haijaisha mikono inatetemeka, jasho, halali kabisa, mlango ukigongwa anaruka, mwanga wa simu unamuumiza macho. Wakampa dawa mseto wakijua malaria. Wasiwasi uliorudi ulikuwa mkubwa kuliko ule wa msiba wenyewe, na yeye ndo akaona ushahidi kwamba anaihitaji maisha yake yote. Huo ndo mtego wake, arosto inafanana na ugonjwa uliokupeleka kwenye dawa, kwa hiyo kila ukijaribu kuacha unapata sababu mpya ya kuendelea. Tulimuwahisha hospitali kabla hajaanguka kifafa, na wapo wanaoanguka.

Nilitegemea daktari atamfokea aache. Wapi. Alimrudishia dawa, dozi ile ile kwanza, atulie, halafu akaanza kuipunguza kidogo kidogo, kila baada ya wiki 2 mpaka 4, na ule mstari wa katikati ya kidonge ndo nikaona kazi yake. Inachukua miezi. Shangazi zangu wakashangaa, mtu anatakiwa kuacha mnampa tena? Ndiyo, ndivyo inavyofanyika, anayekwambia tupa vyote chooni leo leo ana nia nzuri ila anaweza kukuua.

Hizo ndugu zake sasa. Alprazolamu, Xanax hiyo, watoto wa mjini wanaipenda kwa sababu inakamata haraka, ila inatoka haraka pia, arosto yake inapiga mapema, kwa maoni yangu hiyo ndo mbaya zaidi kuizoea. Na pombe. Nasema hili kwa herufi kubwa moyoni, msimu wa korosho ndo msimu wa mabibo, lile tunda la mkorosho, na mabibo ndo uraka, pombe yake, mtu anapiga uraka wake jioni au gongo kabisa afu anashushia na valiamu alale vizuri. Zote mbili zinapunguza upumuaji. Ukiongeza tramadoli, dawa kali ya maumivu ambayo vijana wa bodaboda wanameza wakeshe barabarani, hapo unaweza kulala usiamke na familia ikasema amefariki usingizini bila kuumwa.

Huduma ya manunuzi. Sehemu ya kwanza, sitaitaja, nilienda kuulizia tu kabla sijatoa cheti, kijana hajanyanyua macho kwenye simu akasema unataka ngapi. Ngapi! Kama maandazi. Nikatoka. Sehemu ya pili nikamkuta mama mtu mzima, shikamoo mama, marahaba mwanangu, cheti kiko wapi. Akakisoma mpaka mwisho, akauliza unakunywa pombe, unaendesha nini, kuna dawa nyingine unatumia, akahesabu vidonge vya wiki mbili kamili na hakuongeza hata kimoja. Nikamwambia mama niongezee stripu moja ya akiba, Tandahimba mbali. Akacheka akasema, "Mwanangu, ya akiba ndo inayokula watu. Ikifika tarehe na hali haijakaa, rudi kwa aliyekuandikia." Nilikasirika kidogo, ndo nasema ukweli, foleni ya kliniki naijua. Ila nyota yake ni hiyo.

Kwangu mimi tarehe ilipofika niliacha, usiku mbili tatu usingizi ulikuwa wa kuparuza, ikaisha, fluoksetini ikawa imeshika. Paniki bado zinanitembelea msimu ukipamba moto ila muuguzi wa pale kliniki alinifundisha kuzikalia, unapumua taratibu, unairefusha pumzi ya kutoka, hukimbii, unaiacha ipande ishuke yenyewe manake hata ufanye nini inashuka. Mwanzo niliona porojo. Inachosha kuijifunza kuliko kumeza kidonge, hilo sibishi, ila hakuna duka linaloweza kuishiwa nayo.

Kama uko wilayani, Newala, Nachingwea, Liwale huko, anzia hospitali ya wilaya uulize kliniki ya afya ya akili siku gani, usione aibu dirishani, sema tu nina wasiwasi na silali. Na mtu akikuandikia valiamu muulize hapo hapo naacha lini na naachaje. Akisema tutaona, muulize tena. Na kama tayari unayo mwaka wa pili au wa tano kama mama mdogo, usiache leo ukisoma haya, endelea na dozi yako nenda ukaseme ukweli wote wa idadi, hata vile vya dukani.

Yeye sasa hivi amefika kidonge kimoja kwa siku kutoka vitatu. Amegoma kushuka tena mpaka hela ya mnada wa kwanza iingie, anasema hapunguziwi dawa na bei kwa wakati mmoja, na daktari amemkubalia.