Kibodi na mausi za kutengenezea gemu: chaguo zangu kwa mnunuzi wa Kisumu na Nakuru

Vijana wanaojifunza kuandika gemu wananiletea lalamiko lilelile: "Dada, mhusika wangu anakimbia kushoto, anaruka, lakini nikibonyeza spesi apige risasi, hapigi. Programu yangu ina kosa gani?"

Mara nyingi haina. Lupu ya gemu, yaani sehemu ya programu inayojirudia mchezo wote, ikizunguka mara 60 kwa sekunde, kila baada ya milisekunde 16 na kitu inauliza ni vitufe gani vimeshikwa. Kibodi isipotaja spesi, Pygame, ile maktaba ya Python ya kuandikia gemu, itajulia wapi?

Chini ya vitufe kuna gridi ya nyaya. Katika kibodi nyingi za bei ya chini gridi hiyo haina daiodi, vile vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, kwa hiyo ukishika vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe tatu za mstatili mmoja, umeme unapenya hadi pembe ya nne, na kibodi haijui kama hicho cha nne kimebonyezwa kweli. Ili isidanganye, inakipuuza kitufe cha tatu. Mshale wa kushoto, wa juu na spesi ni kundi linaloumia sana. Maboksi mengi hayasemi lolote kuhusu jambo hili, ila taa za rangi yanazitangaza kwa herufi kubwa.

Ya kwanza kwangu ni Redragon K552, na upendeleo wangu siufichi. Ina vitufe 87, swichi za mekanika, na inapokea vitufe vingi kwa pamoja bila kumeza hata kimoja. Kasoro yake ni kelele. Ukiwa na swichi za buluu, zile zinazolia kila ukibonyeza, kwenye hosteli, mwenzako hatalala.

Ya pili ni Logitech K120. Ni ya waya, imara, ina namba kando. Kwa kuandika programu inatosha kabisa, lakini kwa kuchezea ijaribu kwanza.

Zile zisizo na jina, za taa kali? Pita.

Kujaribu ni rahisi. Omba kibodi ichomekwe, fungua Notepad, shikilia Shift zote mbili, kisha andika A hadi Z. Herufi zinazokosekana ndizo zinazomezwa. Halafu shika mshale wa kushoto na wa juu, gonga spesi, uone kama nafasi inaongezeka.

Hapo ndipo vita na wauzaji huanza. Kuna duka moja mjini Kisumu ambako niliambiwa, "Ukifungua boksi umenunua." Risiti nayo imepigwa muhuri kwamba bidhaa ikiuzwa hairudi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, lakini mwenye duka anakutazama kana kwamba umemsomea shairi. Nakuru si afadhali: kibodi ileile ikibandikwa neno "gaming", bei inapanda papo hapo. Msiposhikilia kujaribu, mtaendelea kununua taa.

Mausi sina mengi. Chukua ya waya. Betri ikiisha katikati ya mchezo utajuta. Kasoro ninayoikagua ni swichi iliyochoka, ambapo mbofyo mmoja unahesabiwa kuwa miwili na bunduki inapiga risasi mbili. Bofya folda mara moja, tena na tena, ukipumzika katikati. Ikijifungua yenyewe, rudisha mausi hiyo. Na usiipime juu ya kaunta ya kioo, kwa sababu mausi nyingi za mwanga haziisomi. Weka karatasi chini.

Ukigonga kitufe upesi kikapotea mara mojamoja tu, hapo ndipo uikague programu. Huenda unauliza hali ya vitufe mara moja kwa fremu, yaani kila mzunguko mmoja wa lupu, na kidole kimeachia kabla hujauliza. Soma foleni ya matukio, yaani orodha ya kila kitufe kilichobonyezwa au kuachiwa, kwa vitendo vya mara moja kama kuruka, na hali ya vitufe kwa mwendo wa kuendelea. Marekebisho hayo hayana gharama, na hakuna muuzaji atakayekutajia.