TAHADHARI: Madalali wa "ushuru umo ndani" kwenye reksini na turubai, Malindi

Mafundi wa makochi, washonaji wa viti vya tuktuk, wenye boti na wenye maduka ya jora hapa Malindi, jichungeni. Kuna madalali wanaopita madukani na sampuli za reksini na turubai za Uchina, wanakupa bei moja "mpaka mlangoni, ushuru umo ndani". Leseni ya uwakala wa forodha hawana. Mzigo huingia Kilindini ndani ya kontena la pamoja kwa PIN (namba ya mlipakodi) ya mtu usiyemjua, nawe unaachiwa risiti ya mkono. Ukija kukaguliwa, huna hata karatasi moja yenye jina lako.

Wabaya zaidi ni wale wanaotumia PIN yako. Hao hutafuta namba ya HS, ile ya kupanga bidhaa forodhani, yenye kiwango cha chini cha ushuru, kitambaa chenyewe hawakitazami. Baadaye simu inalia: "KRA wamebadilisha namba, tuma tofauti hapa tuyamalize." Usitume. Ushuru haulipwi kwa simu ya mtu. Hulipwa kwa hati yenye namba ya malipo, PRN, inayotoka kwenye mfumo wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya.

Namba ya HS haichaguliwi kwa bei. Kitambaa kilichopakwa au kubandikwa plastiki kiko 5903: cha PVC ni 5903.10, cha poliyurethani 5903.20, cha plastiki nyingine 5903.90. Uzito kwa mita ya mraba hauhesabiwi kabisa, kwa hiyo anayesema "hii nzito, inaingia kama plastiki" anakudanganya. Kinachokitoa kitambaa humo ni masharti ya sura ya 59 ya orodha ya HS, ambamo 5903 imo, na mengine unaweza kuyapima mezani pako. Kikiwa kimepakwa lakini plastiki haionekani kwa macho, ila rangi tu imebadilika, hicho ni kitambaa cha kawaida. Utando uliobandikwa una sheria yake tangu toleo la HS la 2022: unahesabiwa hata kama hauonekani kwenye ukingo uliokatwa. Turubai lililofunikwa plastiki yenye kuonekana pande zote mbili huenda sura ya 39, ya plastiki. Vivyo hivyo kipande kinachovunjika ukikikunja kwa mkono kwenye mviringo wa kipenyo cha milimita 7. Penseli ya kawaida yakaribia hapo. Kipimo hicho ni cha nyuzijoto 15 hadi 30, basi kifanye asubuhi, kivulini. Joto la mchana la huku hulainisha PVC, ukapata jibu la uongo.

Reksini ya sponji ndipo wanapochezea sana. Chana ukingo wake uangalie mgongo. Plastiki ikiwa ni ya vitundu vya hewa, na kitambaa kiko upande mmoja tu, cha rangi moja, hakina nakshi wala manyoya, kitambaa hicho huchukuliwa kuwa cha kutia nguvu tu na reksini inakwenda 3921, kwenye plastiki. Mgongo ukiwa umechapwa maua, au umekwanguliwa ukatoa manyoya, inabaki 5903. Jora mbili zenye uso mmoja zaweza kuwa na namba mbili, na dalali hukuonyesha sampuli ya mgongo huu akaleta ule. Geuza kila jora, usitosheke na la juu.

PVC na poliyurethani hutenganishwa kwa waya wa shaba: uchome hadi uwe mwekundu, uguse plastiki, uurudishe motoni. Moto wa kijani ni dalili ya PVC. Fanya nje, moshi wake unaumiza kifua.

Hasara si ndogo. Chukua mzigo wa CIF (bei pamoja na bima na nauli) shilingi 400,000 uliotamkwa kwenye daraja la 10% ilhali wake ni 25%. Ushuru uliopungua ni 60,000, na VAT ya 16% juu yake 9,600. Hiyo ni 69,600 kabla ya faini. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 203, inatoa hadi miaka 3 jela au dola 10,000 kwa tamko la uongo. Deni laweza kudaiwa ndani ya miaka 5, na mwenye mzigo hubeba aliyoyafanya wakala wake. Yeye dalali atakuwa ameshabadilisha laini.

Kabla ya kutoa hata shilingi ya amana, tafuta jina la wakala kwenye orodha ya KRA ya wenye leseni. Taka ankara inayotaja aina ya nyuzi, aina ya plastiki, imepakwa upande gani, na mgongo ukoje. Ankara iliyoandikwa "fabric" peke yake irudishe. Mzigo ukifika, dai nakala ya tamko la forodha na ulinganishe PIN, namba ya HS, kilo na mita. Reksini ikikutatiza, peleka sampuli KRA uombe uamuzi wa awali kabla ya kuagiza. Aliyekwisha kudaiwa "tofauti" ahifadhi jumbe zote za simu na kipande cha jora, kisha aripoti kwa iWhistle ya KRA, ambako si lazima kutaja jina.